Sanduku la Fundi: Diski imegoma kutoka kwenye mashine pepe

Jambo wakubwa. Kwenye seva ya duka letu tunaendesha Linux ndani ya QEMU (programu ya kuendesha mashine pepe), mashine ya aina ya q35. Nikiandika `device_del diski1` ili kuiondoa diski, amri inapita bila kosa lolote. Lakini diski bado ipo, na `blockdev-del` inakataa ikidai nodi (kiungo cha QEMU kwenye faili la diski) inatumika. Tatizo ni nini? (Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi)

Amri yako ni sahihi, ila umeharakisha hatua ya pili. `device_del` haichomoi kitu. Inapeleka ombi kwa mfumo mgeni, yaani hiyo Linux ya ndani, kisha inarudi papo hapo. Mgeni akishakiachilia kifaa, ndipo QEMU inapokifuta na kutangaza `DEVICE_DELETED`. Kabla ya tangazo hilo faili la qcow2, lenye data ya diski, lingali limeshikwa, kwa hiyo `blockdev-del` lazima igonge mwamba.

Anza ndani ya mgeni: `umount /mnt/data`, na kama diski ina eneo la swap, `swapoff`, kama ina LVM (mfumo wa kupanga diski kwa makundi), `vgchange -an` kwa kundi husika. Usiiruke hatua hii ukitumaini Linux itakuzuia. Diski ya virtio-blk (aina ya diski pepe ya QEMU) huondolewa hata ikiwa imepachikwa, na programu zilizokuwa zikiandika humo zitaanza kutoa makosa ya kusoma na kuandika. Ukishamaliza huko, toa `device_del` kupitia QMP (njia ya kuipa QEMU amri na kupokea matangazo yake), subiri tangazo, kisha `blockdev-del`. Kadi ya mtandao ni vivyo hivyo: `netdev_del` huja mwisho.

Wanaoandika skripti waangalie hapa. Kifaa cha virtio kinaweza kutoa matangazo mawili. La kwanza lina njia tu, `/machine/peripheral/diski1/virtio-backend`, bila jina la kifaa. Hilo silo unalolisubiri. Subiri lile lenye `"device": "diski1"`. Skripti nyingi hukwama hapo: zinaona neno `DEVICE_DELETED` na kukimbilia kufuta nodi. Na kama kifaa hukukipa `id` tangu mwanzo, `device_del` hupokea pia njia yake kamili, lakini ni afadhali kukipa jina mapema.

Usiirudierudie amri ukiona kimya. Kwenye PCIe yenyewe (nafasi za kuchomekea kadi), bila ACPI (njia nyingine ya kumfikishia mgeni ombi), ombi ni kitufe kinachobonyezwa: Linux husubiri sekunde 5 kabla ya kukata umeme wa nafasi hiyo, na kukibonyeza tena ndani ya muda huo hufuta ombi. QEMU za sasa hukujibu kwamba kifaa kimo tayari katika kuondolewa. Za zamani hazikuwa na adabu hiyo.

Mimi nimeambiwa waziwazi: `Bus 'pcie.0' does not support hotplugging`. Na kuna siku nyingine kifaa hakitoki kabisa, hata nikisubiri nusu saa. (Msomaji, Kadutu, Bukavu)

Hayo ni mambo mawili tofauti. Kwenye q35, kifaa kilichowekwa moja kwa moja juu ya `pcie.0`, njia kuu ya vifaa vya mashine, hakichomeki wala kuchomoka mashine ikiwa inakwenda. Weka milango mapema, wakati wa kuwasha:

`-device pcie-root-port,id=rp1,chassis=1,slot=1`

Kisha ongeza kifaa kwa `bus=rp1`. Mlango mmoja hubeba kifaa kimoja, na mlango wenyewe hauongezwi baadaye, kwa hiyo weka minne au mitano hata kama leo unahitaji mmoja.

Kuhusu kusubiri nusu saa: angalia kwanza `info status`. Wengi husimamisha mashine kwa `stop` umeme wa SNEL ukikatika, ili kupunguza mzigo wa betri, halafu wanasahau. Mashine iliyosimamishwa haiwezi kujibu ombi, andika `cont`. Hali ni ileile ikiwa mgeni bado yuko kwenye GRUB (programu inayowasha Linux), au kerneli yake imeganda. Hapo njia ya mwisho ni `system_reset`: mgeni akianza upya, uondoaji uliokuwa ukingoja hukamilika wenyewe. Tangu toleo la 6.2 kuna pia `DEVICE_UNPLUG_GUEST_ERROR`, mgeni anapokataa. Lisikilize, lakini usilitegemee peke yake, maana si kila kosa la mgeni linaonekana kutoka nje.

Flashi ya USB inatoka mara moja, lakini mafaili ya mwisho hayamo. Kwa nini? (Msomaji, Himbi, Goma)

Kwa sababu USB haiombi ruhusa. `device_del` kwa `usb-storage` hukata hapohapo, kama mtu aliyeing'oa kwa mkono, na kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya mgeni bila kuandikwa kinapotea. Ndani ya Linux fanya `umount` na ungoje irudi; ndani ya Windows tumia kitufe cha kuondoa kifaa kwa usalama. Baada ya hapo ndipo utoe `device_del`.