Wasomaji Wanauliza: Mkono wa Mfuko, Damu ya Nyama na Mizani ya Dukani

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kinachowakwaza wanapokwenda sokoni na mfuko wao wenyewe. Wengi wamelalamikia mikono ya mifuko kukatika na harufu ya samaki, kwa hiyo hayo mawili tumeyajibu kwa urefu.

Salaam wahariri. Hii mifuko mbadala ninayouziwa dukani inakatika mkono kabla sijafika nyumbani. Juzi unga umenimwagikia kituo cha daladala. Tatizo ni mfuko au ni mimi ninayejaza sana?
*Mama wa wanne, Tabata, Dar es Salaam*

Mama, lawama mgawane, ila mfuko ubebe fungu kubwa. Unga kilo 5, mchele kilo 5, sukari kilo 2 na mafuta lita 3 ni karibu kilo 15 kabla hujagusa sabuni. Mfuko mbadala wa kawaida, wenye upana wa sentimita 35 na kimo cha 40, sisi hatuupi zaidi ya kilo 7. Nenda na mitatu.

Kabla ya kulipia, angalia pale mkono unapoanzia. Ukiona safu ya vidoto vidogo bila uzi, ujue mkono umegandishwa kwa mashine. Uzito wote unaning'inia kwenye mstari huo mwembamba, ndiyo maana mfuko huchanika kando ya mstari wakati mkono wenyewe bado mzima.

Huo uliokatika usiutupe. Kata vipande vinne vya kitambaa kigumu, jinzi kuukuu inafaa sana, kila kimoja sentimita 6 kwa 6. Weka kimoja ndani ya mfuko nyuma ya kila ncha ya mkono, kisha shona mraba wa sentimita 4, na katikati yake pitisha mistari miwili inayokatana kutoka kona hadi kona. Uzi uwe wa polista, sindano namba 14, na hatua ya mshono isipungue milimita 3. Mafundi wengi hukosea hapa: hubana hatua wakidhani ndiyo uimara. Kitambaa hiki hakikufumwa, ni nyuzi zilizogandamizwa tu, na matundu ya sindano yakikaribiana yanakuwa kama ya stempu. Panachanika palepale ulipopaimarisha.

Halafu usiuanike juani. Mifuko hii ni polipropilini, aina ya plastiki, na mionzi ya jua huidhoofisha. Mfuko uliosahauliwa kwenye kamba ya nguo au nyuma ya kioo cha gari huanza kupukutika mikononi. Ufue kwa maji ya baridi au ya vuguvugu, uanike kivulini, na pasi usiisogeze karibu.

Nina duka la rejareja. Msambazaji ananiambia mifuko yake ina gramu 70, na mimi sina kipimo cha kujua kama ananidanganya. Nifanyeje?
*Mwenye duka, Tabora*

Kipimo unacho, ni mizani yako ya dijitali. Gramu 70 kwa kila mita ya mraba ya kitambaa ndicho kiwango cha chini cha mifuko mbadala Tanzania. Chukua mfuko mmoja upime kwa rula. Tuseme ni sentimita 35 kwa 40 bila ubavu, yaani bila kipande cha pembeni cha kuupanua: pande mbili ni mita za mraba 0.28. Ongeza mikono miwili, kila mmoja sentimita 5 kwa 50, ambayo ni 0.05. Jumla 0.33. Zidisha kwa 70 upate gramu 23 kwa mfuko mmoja.

Mizani ya duka haiaminiki kwa gramu 23, kwa hiyo pima mifuko kumi pamoja. Ikifika gramu 230 au karibu yake, msambazaji wako ni mkweli. Ikisoma 130, umeuziwa mfuko wa gramu 40, na huo ndio unaomwaga unga wa watu pale Tabata.

Tulikatazwa mifuko ya plastiki tangu 2019, na sasa naambiwa hii mipya nayo ni plastiki. Tumepata nini?
*Mwalimu wa sekondari, Morogoro*

Ni plastiki kweli, Mwalimu, na anayeuita "mfuko wa kitambaa" anaremba. Faida yake inategemea kitu kimoja: unarudi nao sokoni mara ngapi. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha hesabu ya athari kwa tabianchi, ukilinganisha aina mbalimbali na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Mfuko wa karatasi ulihitaji kutumika mara 3 ndipo ulingane nao, wa polipropilini kama hii yetu mara 11, na wa pamba mara 131, kwa kuwa kulima pamba na kuisokota hula maji, mbolea na umeme.

Ila hesabu ile haikupima mifuko inayozagaa. Haikugusa mitaro iliyoziba wala ng'ombe na mbuzi wanaokula nailoni jalalani, na kwetu hiyo ndiyo iliyokuwa kero kubwa. Mfuko mzito haupeperuki hadi mtaroni kirahisi. Lakini anayenunua mpya kila Jumamosi na kuujaza kabatini, huyo kwa upande wa tabianchi amerudi nyuma kuliko alipokuwa.

Shikamooni. Nyama ya buchani naifungiwa kwenye gazeti, damu inapenya mpaka kwenye mboga. Samaki ndio usiseme, mfuko unanuka wiki nzima. Nifue na nini?
*Binti wa Kirumba, Mwanza*

Marahaba. Tuanze kabla ya kufua, maana hapa mfuko peke yake hautoshi. Nyama na samaki viende kwenye chombo chenye mfuniko: kindoo cha lita 3 kilichokuwa na mafuta ya kupikia au aiskrimu kinachukua kilo 2 za nyama bila shida. Mkabidhi muuza nyama kabla hajaanza kukata, siyo baada ya kufunga. Gazeti likatae. Wino wake haukutengenezwa kugusa chakula, na karatasi ikilowa haizuii kitu. Kindoo kikae kwenye mfuko wake, na mfuko huo usibebe nyanya wala mkate. Huo wa nyama uweke alama, hata ya uzi mwekundu kwenye mkono wake, ili mtoto anayetumwa asichanganye.

Damu au maji ya samaki yakishagusa kitambaa, anza na maji ya baridi. Wengi hukimbilia ya moto, na moto huivisha damu ndani ya nyuzi kama yai kwenye kikaango. Baada ya hapo haitoki. Suuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe, fua kwa sabuni, suuza tena. Kwa harufu ya samaki, changanya vijiko vikubwa vinne vya siki kwa lita moja ya maji, au kamua malimau mawili, loweka nusu saa kisha suuza. Harufu ile inatokana na kemikali za jamii ya amini, na asidi huzigeuza zisiruke hewani, ndiyo maana limau hufanya kazi pale sabuni inaposhindwa.

Mfuko wa pamba umalizie kwa maji ya moto na uuanike juani. Wa polipropilini maji ya vuguvugu na kivuli vinatosha. Ukiamua kutumia jiki, iwe siku nyingine: jiki na siki au limau visikutane kwenye beseni moja, vinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Na usidhani kufua ni usafi wa kupitiliza. Watafiti wa vyuo vikuu vya Arizona na Loma Linda, Marekani, walipima mifuko 84 ya wanunuzi wa Arizona na California. Karibu wote walisema hawajawahi kuifua, na asilimia 8 ya mifuko ilikuwa na E. koli, bakteria wanaotoka utumboni. Ilipofuliwa, kwa mkono au kwa mashine, bakteria walipungua kwa zaidi ya asilimia 99.9. Mfuko ulioachwa na majimaji ya nyama kwenye buti la gari kwa saa mbili, bakteria waliongezeka mara kumi. Ukirudi, toa vitu vyote, geuza mfuko nje ndani, utundike penye upepo. Usiutundike msalani, hata kama msumari uliopo ni huo tu.

Nina cherehani na nataka kushona mifuko ya kuuza kwa majirani. Ninunue kitambaa gani, kiasi gani, na nikate vipi?
*Fundi chipukizi, Dodoma*

Nunua amerikani nzito au turubai jepesi la pamba. Kitenge ni kizuri kwa macho lakini chembamba. Kitie bitana au ukiache. Mita 1 na robo ya kitambaa chenye upana wa sentimita 115 inatoa mifuko miwili.

Kabla ya mkasi, loweka kitambaa usiku kucha, kikaushe, kipige pasi. Pamba mpya hunywea, na ukiruka hatua hii mteja atafua mara moja na mfuko utapinda upande.

Kata vipande viwili vya sentimita 51 kwa 96, ukivipanga ubavu kwa ubavu kwenye upana wa kitambaa. Pale chini patabaki ukanda. Toa humo vipande viwili vyenye upana wa sentimita 10, kisha kila kimoja ukikate katikati. Hapo una mikono minne, kila mmoja ukiwa na urefu wa sentimita 54 hadi 57. Kunja kila mkono mara nne kwa urefu ubaki na upana wa sentimita 2.5, ushone kingo zote mbili.

Kunja kipande kikubwa katikati, uzuri ndani, ushone mbavu mbili ukiacha sentimita 1.5, kisha rudia mshono wa pili pembeni yake. Sasa kitako. Finya kona ili mshono wa ubavu ulale juu ya mkunjo wa chini, pawe na umbo la pembetatu. Pima sentimita 6 kutoka kwenye ncha, ukifuata mshono, na hapo chora mstari unaovuka pembetatu: utakuta una sentimita 12. Shona juu yake mara mbili. Ukipima kuanzia ukingo wa kitambaa badala ya mahali mshono ulipoishia, kona moja itakuwa kubwa kuliko nyingine na mfuko hautasimama. Kosa hili utalijua kwa sababu mfuko unaegemea upande mmoja ukiwa mtupu.

Pindo la juu likunje sentimita 1 kisha 3. Ncha za mikono zishuke sentimita 6 ndani ya mfuko, zipite nyuma ya pindo, na kila moja ishonwe ule mraba wenye mistari miwili tuliomweleza mama wa Tabata, ila hapa uupunguze uenee kwenye upana wa mkono. Kwa amerikani, sindano namba 16. Mfuko ukikamilika una upana wa sentimita 36, kimo 38, kitako 12. Ujaribu kabla ya kuuza: tia kilo 10 za mchanga, uutundike kwenye msumari hadi kesho yake.

Kikapu cha ukili cha bibi kimeota ukungu na mkono mmoja umelegea. Kinaponyeka?
*Msomaji wa Likoni, Mombasa*

Kinaponyeka kama ukili wenyewe haujawa laini kama karatasi iliyolowa. Kifute kwa siki nusu na maji nusu, kikauke siku hiyohiyo kwenye kivuli chenye upepo. Mkono uufunge upya kwa kamba ya katani, lakini nyunyiza maji kwanza na usubiri nyuzi zilainike, kwani ukili mkavu ukikunjwa hukatika. Tandika kitambaa ndani kabla ya kuweka nafaka.

Nikienda na kopo langu kununua sukari ya kupima, muuzaji anapima sukari pamoja na uzito wa kopo. Napunjwa?
*Mpangaji, Mbagala*

Unapunjwa uzito wa kopo. Kopo la gramu 180 kwa kila kilo moja ya sukari si kidogo. Kwenye mizani ya dijitali, liwekwe kopo tupu kwanza, muuzaji abonyeze kitufe cha kurudisha sifuri, ndipo amimine mpaka isome kilo 1. Ukitaka uhakika, kabla hajamimina nyanyua kopo: kioo kitaonyesha gramu 180 zenye alama ya kutoa mbele yake. Kwa mizani ya mawe, upande wa pili uwekwe kopo linalolingana na lako. Mizani ya kuning'iniza haina ujanja, pimeni kopo tupu na mtoe. Nenda saa ambayo duka halijajaa watu, maana muuzaji mwenye foleni hana subira ya kutoa gramu 180.

Kaka yangu anakuja likizo kutoka Uingereza. Mifuko ya plastiki ya kwenye begi lake itamletea shida uwanja wa ndege?
*Msomaji, Moshi*

Ile ya kubebea vitu aiache huko. Katazo la Tanzania Bara lilianza tarehe 1 Juni 2019, na faini ya kukutwa nayo ni kati ya shilingi 30,000 na 200,000. Vifuko vidogo vya kubana mdomo, vya kuwekea dawa ya meno na losheni, vinaruhusiwa ilimradi aondoke navyo. Plastiki ambayo ni kifungashio cha kiwandani, kama ya biskuti au dawa, haina tatizo. Akipitia Nairobi, Kenya nayo ilipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu za kule ni kali zaidi. Mfuko wa plastiki wa maduka ya uwanjani autoe kabla hajatoka nje.