Barua kwa mwanangu anayetaka kupiga picha nyumbu

Karatu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako umefika pamoja na ratiba, na mama yako amenisomea mara mbili maana miwani yangu iko kwa fundi. Unauliza kama siku sita za mwezi wa pili zinawatosha ninyi wapiga picha wanne kutoka Dar kwa Tarangire, Manyara, kreta ya Ngorongoro, Seronera katikati ya Serengeti na Kogatende kaskazini yake, na kama kuna haja ya kukodi ile lenzi ndefu ya milimita 600. Siku zinatosha kupita. Kupiga picha, hazitoshi. Lenzi kodi, nitakwambia kwa nini.

Kutoka hapa kwetu mpaka Kogatende ni kutwa nzima kwenye kiti. Barabara ya kwenda Naabi, lango la Serengeti, ina mawimbi kama bati, na vumbi utalitafuna. Mkifika huko mwezi wa pili mtaukuta mto Mara uko palepale na mamba wake, nyumbu hakuna. Zile picha za kuvuka mto unazoziona kwenye simu ni za kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi hivi. Mwezi wa pili nyumbu wako kusini, Ndutu, wanazaa. Sasa uwapite ukakimbilie kupiga picha maji?

Tarangire nayo iache mpaka kiangazi, kuanzia mwezi wa saba, tembo wanapokosa maji kwingine wakajaa mtoni. Manyara utaiona dirishani mkipandisha kutoka Mto wa Mbu. Ukinisikiliza mimi, lala Ndutu usiku nne, kambi ileile, na kreta mshuke mkiwa mnarudi kama hela imebaki.

Ndutu ni pale mpakani, Ngorongoro inapokutana na Serengeti. Majani yake ni mafupi kwa sababu udongo wake ni majivu ya milima ya moto ya upande wa Ngorongoro, chini kidogo pamekakamaa kama saruji na miti haipati pa kuzamisha mizizi. Lakini majani hayo yana madini anayoyataka jike mwenye maziwa. Na uwanda ukiwa wazi vile, simba hana pa kujificha. Ndiyo maana nyumbu, na kwa makadirio ya miaka mingi ni zaidi ya milioni moja, wanazalia hapo, tena karibu wote kwa wakati mmoja, ndani ya wiki chache tu kuanzia mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Fisi na simba wanakula wanashiba, ndama bado wapo. Ila nyumbu anafuata mvua, hasomi kalenda. Mvua ikihamia upande mwingine naye anahama, kwa hiyo usimlipe mtu anayekuahidi kwamba tarehe fulani watakuwa mahali fulani.

Kuhusu lenzi, nikusimulie kitu ambacho sijawahi kukusimulia. Wewe ulikuwa bado shule ya msingi, nami nikiendesha watalii. Nilikuwa na mgeni mmoja mzee, mpole, kamera yake nzito mpaka ilimlemea. Asubuhi tukamwona nyumbu jike amejitenga kidogo na wenzake, analala, anainuka, anazunguka, kwato mbili za ndama zimeshatokeza nyuma. Mgeni hakuniambia kitu. Ni mimi niliyetaka bahshishi nono. Nikasogeza gari, nikasogeza tena. Ndama akadondoka. Akajaribu kusimama, akaenda kwa magoti, akaanguka, akajaribu tena, na baada ya dakika chache tu amesimama, manyoya yamelowa, masikio yamegandamana na kichwa. Mimi nikaona jua haliko mgongoni kwetu vizuri, nikawasha injini nizunguke. Kundi likashtuka, likatimka, na mama yake akaenda nalo.

Ndama wa nyumbu anazaliwa akijua jambo moja, kufuata kinachotembea. Pale kilichobaki kikitembea kilikuwa Land Cruiser yangu. Akaja mpaka gurudumu la mbele, akalinusa. Nikirudi nyuma anafuata, nikisimama anasimama, anatafuta chuchu kwenye bampa. Mgeni alipiga picha mbili tu, akaishusha kamera mapajani. Tulimwongoza polepole mpaka kwenye kundi lingine, tukamkwepa katikati ya majike. Jike hanyonyeshi ndama asiye wake, humsukuma kwa pembe. Mama yake kama alirudi kumtafuta, sikukaa kuona. Bahshishi niliipata, nono kweli, na nilinunulia bati za lile banda la nyuma.

Kwa hiyo kodi lenzi ndefu, ile ya 150 mpaka 600 inatosha, ili dereva wako asipate sababu ya kusogea. Ukimwona jike ameanza kuzunguka hivyo, simameni mbali, mzime injini, msubiri. Injini ikizimwa hata picha yako inatulia, maana gari likitetemeka na lenzi inatetemeka. Lakini mbali nako kuna kipimo. Ikifika saa nne joto linapanda kutoka ardhini kama mvuke wa sufuria, na kwa lenzi ndefu kila kitu kinatoka na ukungu. Wengi wanarudi nyumbani wakilaumu kamera.

Mwanga ndiyo utakaokusumbua wewe uliyezoea harusi. Ukumbini unampanga bibi harusi, unawasha taa zako. Huku taa ni moja nayo haikungoji. Jua linachomoza saa moja kasorobo hivi, na kufikia saa tatu mwanga umeshakuwa mkali, macho ya mnyama yamekuwa mashimo meusi. Muwe mmetoka kambini mara tu magari yanaporuhusiwa, saa kumi na mbili, chai mnywee porini. Mchana laleni. Saa kumi mtoke tena, mawingu meusi ya mwezi wa pili yakijikusanya nyuma ya nyumbu wenye jua usoni utanikumbuka. Flashi iache kwenye begi. Droni iache Dar kabisa, bila kibali hairuhusiwi hifadhini.

Stendi ya miguu mitatu haina kazi ndani ya gari. Wapiga picha wazoefu wanakuja na mfuko wa kitambaa mtupu, wananunua mchele au maharage hapa Karatu, wanajaza, wanaulaza dirishani au ukingoni mwa paa, na lenzi inakaa juu yake kama mtoto mgongoni. Kilo mbili zinatosha. Mkiweza pigeni kutoka dirishani, si juu ya paa, mnyama anapendeza ukimtazama usawa wa macho yake. Na mifuko ya plastiki mnajua ilipigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo kamera ifunike foronya au khanga, na lenzi usibadilishe gari likiwa linatembea. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi acha. Mbung'o anazipenda kuliko wewe.

Gari la watu wanne wenye kamera limejaa, hata kama lina viti saba. Kila mmoja awe na dirisha lake, na mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba leo upande huu, kesho ule. Nimeona marafiki wa miaka ishirini wakinuniana kwa ajili ya duma mmoja. Kiti cha mbele kushoto wapiga picha hawakitaki, paa halifunguki pale.

Dereva ndiye wa kuchagua kuliko kambi. Usimuulize amefanya kazi miaka mingapi, wote watakwambia kumi. Muulize, tukimkuta duma amekaa, utasimamisha gari wapi? Akikujibu kwanza kuhusu jua na upepo, na njia anayoelekea duma, mchukue. Akisema nitawapeleka karibu kabisa, mshukuru umuage. Na msimkimbize kwa redio. Sisi tulikuwa tukiitana kwa mafumbo ili wageni wasielewe, masharubu ni simba, madoa juu ni chui, madoa chini ni duma, na ukisikia hayo magari ishirini yanageuka pamoja. Picha ya duma kati ya magari ishirini hata simu inaipiga.

Upande wa Ngorongoro magari yalikuwa yakiruhusiwa kuacha barabara wakati wa msimu huo, ulizeni masharti ya sasa getini Lodoare mnapoingia Ngorongoro. Mkivuka mpaka kuingia Serengeti, hapana, na ni kiingilio kingine tena. Mtu akilala Ndutu akachungulia Serengeti kila siku analipa kote kuwili. Raia tunalipa kidogo sana kulinganisha na wageni, lakini bila kitambulisho cha taifa mtabishana getini mpaka jua liwe kali. Mvua ikinyesha msiingie kwenye udongo mweusi karibu na mabwawa. Nimelala huko mara mbili.

Wamasai mtakaowakuta njiani, shukeni kwanza msalimiane. Kamera baadaye, wakikubali.

Mama yako amekwisha shona mifuko minne kutoka kwenye jinzi zako ulizoziacha kabatini, ameweka na zipu ili mchele usimwagike. Ameniuliza kama gari lenu lina nafasi ya mtu wa tano. Si mimi, mgongo wangu hauwezi tena ile barabara. Ni yeye. Miaka yote ile nimepeleka watu wa nchi nisizoweza kuzitamka, na yeye anaishi mwendo wa saa chache tu kutoka Ndutu, hajawahi kumwona ndama wa nyumbu. Anasema kiti cha mbele kushoto kinamtosha.

Baba yako