Dante inakwaruza sauti? Anzia kwenye swichi ya mtandao

Mdogo wangu wa Ngamiani, unasema intafesi yako ya mezani (kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ya Dante, ule mfumo wa kupitisha sauti kwenye waya wa mtandao, kompyuta inaiona ila ukirekodi sauti inakatika katika, na umeipitishia kwenye ruta ya waifai ya nyumbani. Hapo hapo ndo penye shida. Dante haipiti waifai, we vuta waya wa Cat5e au Cat6 toka intafesi mpaka swichi ya gigabiti (kile kiboksi cha kuunganishia waya za mtandao), na kompyuta nayo ichomeke hapo hapo kwa waya, mita 100 ndo mwisho kwa waya mmoja, kwa chumba chako hata robo hufiki.

Halafu angalia kama swichi ina kile kitu cha kubana umeme, EEE, kizime kabisa maana kinavuruga saa ya sauti, ile inayofanya vifaa vyote viende pamoja. Mi kilinitesa siku tatu, narekodi kasida za madrasa moja Chumbageni, kila kijana akivuta pumzi nasikia "tk!", nikabadili maiki, nikabadili waya (kichwa chake kilishashika kutu ya hii chumvi ya bahari yetu, nikajua nimepata mchawi), kumbe wapi, swichi.

Ukimaliza fungua Dante Controller, programu ya kuunganishia vifaa vya Dante, wanaotuma wako juu, wanaopokea kushoto, unganisha mpaka utokee tiki ya kijani. Weka kasi ya sampuli za sauti kilohezi 48 kote, na kwenye programu ya kurekodia pia. Kama unatumia Dante Virtual Soundcard, programu inayoifanya kompyuta ipokee na kutuma Dante, anza na ucheleweshaji wa milisekunde 10, ikitulia shuka 6.