Kabla ya kuandika andiko, tafuteni kwanza fedha za mfadhili zinalipia nini

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba kikundi chenu cha wazazi wa watoto wenye ulemavu kilisajiliwa halmashauri mwaka jana, kwamba mnatafuta orodha ya wafadhili, na kwamba amejitokeza mtu anayetaka kuwaandikia andiko la mradi kwa makubaliano ya kukatiwa asilimia 10 ya fedha zitakazopatikana. Mimi ni katibu wa kikundi cha kinamama wanaopanda mikoko na kulima mwani katika mwambao wa Tanga. Tumewahi kupewa ruzuku na tumewahi kunyimwa, hivyo nitajibu kwa yale niliyoyaona katika kazi hiyo.

Orodha peke yake haitawafikisha mbali. Wafadhili hutofautiana kwa kiasi cha fedha, lakini hutofautiana zaidi kwa aina ya matumizi wanayokubali kuyalipia, na vikundi vingi vidogo hupoteza miezi kuomba kitu ambacho mwongozo wa mfadhili umekwisha kukikataa katika ukurasa wa pili. Ubalozi wa Japani, kwa mfano, una mpango wa misaada kwa miradi midogo ya kijamii ambao hulipia vitu vya kudumu kama vile majengo, visima na vifaa, wala haulipi mishahara na gharama za kila siku za uendeshaji. Kama shida yenu ni chumba cha mazoezi ya viungo chenye vifaa vyake, hapo pana mlango, ilimradi muwe na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja na ankara kifani, yaani makadirio ya bei kwa maandishi, za wauzaji au wakandarasi wasiopungua watatu. Kama shida yenu ni nauli ya kuwapeleka watoto kliniki kila mwezi, andiko la mpango huo halitafika popote hata likiandikwa kwa ustadi wa namna gani.

Sisi tuliomba kwenye Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, iliyoanzishwa mwaka 1992 na inayoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ambayo kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Ni ya mazingira, kwa hiyo haiwahusu ninyi, lakini nataka mjue jambo moja tulilolikuta huko, kwa sababu mtalikuta kwa wafadhili wengine pia: kikundi hutakiwa kuonyesha mchango wake chenyewe. Wenzetu wengi husoma sharti hilo wakakata tamaa kwa kudhani kwamba ni lazima wawe na fedha benki, ilhali nguvu kazi, eneo, vyombo na muda wa wanachama vyote huhesabika mkiviwekea thamani inayoeleweka. Tulichukua siku moja ya kupanda mikoko tukaithaminisha kwa kiwango kile kile anacholipwa kibarua kijijini kwetu, tukazidisha kwa idadi ya wanachama na siku za kazi, na kilichotuokoa ni daftari la mahudhurio ambalo kila mwanachama alitia sahihi au dole gumba tangu kabla hatujawaza ruzuku yoyote. Kwenu, saa ambazo wazazi hupokezana kuwaangalia watoto ni mchango wa kweli kabisa. Anzeni kuziandika leo.

Kwa hali yenu ningetazama sehemu tatu. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za kiraia nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hutangaza wito wa maandiko wenye mada maalumu, kwa hiyo someni mada kabla ya kitu kingine chochote. Women Fund Tanzania huunga mkono vikundi vya wanawake vinavyotetea haki zao, na kwa kuwa umeandika kwamba wazazi wengi katika kikundi chenu ni akina mama walioachwa na mzigo huo peke yao, kuna hoja nzito hapo. Mfuko wa Abilis wa Finland, ambao umewahi kufadhili vikundi vya Tanzania, hutoa ruzuku ndogo na hutazama kwanza kama watu wenye ulemavu wenyewe ndio wanaoongoza kikundi. Jiulizeni kwa uaminifu ni nani anayeketi kwenye kamati yenu. Ama ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huvitengea vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambamo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba na hurejeshwa, basi msiupangie kazi isiyozalisha kipato.

Usajili wa kikundi katika halmashauri unatosha kwa baadhi ya wafadhili, na wengine hutaka shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Msikimbilie huko kwa ajili ya tangazo moja. Usajili huo una ada na taarifa za kila mwaka, na kanuni za mwaka 2018 zililitaka shirika linalopata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 kuwasilisha mkataba wake kwa Msajili wa mashirika hayo na Hazina ndani ya siku 10. Njia iliyotufaa sisi mwanzoni ilikuwa kuingia chini ya mwavuli wa shirika kubwa zaidi la mkoani, tukiwa na makubaliano ya maandishi yanayotaja nani anashika fedha na nani anaidhinisha malipo.

Kuhusu yule mtu anayetaka asilimia 10 kwa kuwaandikia andiko, jibu langu ni kwamba mkataeni. Bajeti ya ruzuku hupitishwa mstari kwa mstari, na malipo ya namna hiyo hayana mstari. Itabidi mtu aandike stakabadhi ya uongo ili yapatikane, na sahihi zitakazokuwa juu yake ni zenu. Zaidi ya hayo, wafadhili hutembelea. Walipokuja kwetu, maswali mengi hayakuelekezwa kwangu bali kwa mweka hazina wetu, mama aliyeishia darasa la saba, naye alifungua leja, muhtasari wa vikao na taarifa ya benki akaeleza kila shilingi ya michango yetu ya kila wiki bila kunitazama. Andiko lililoandikwa na mgeni lisingeweza kumpa uwezo huo. Kama mnahitaji msaada wa kuandika, afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu ni mtumishi wa umma, na kusaidia vikundi ni sehemu ya kazi yake.

Jambo la mwisho ni kwamba ruzuku kwa kawaida huja kwa awamu, na ya pili haitoki hadi hesabu za ya kwanza zifungwe. Msipange shughuli itakayowaumiza watoto ikisimama miezi miwili katikati. Mkiwa tayari, weka hapa rasimu ya bajeti bila majina ya watu wala namba ya akaunti, nami nitaipitia mstari kwa mstari.