Mlango wa karavani uliopinda: pima tundu kwanza, mlango baadaye

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umenunua karavani kuukuu, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, iko Makambako, unataka uifanye kibanda cha kahawa na chapati kando ya barabara kuu. Upepo ukaukwapua mlango ukaubamiza ubavuni, na sasa pembe ya juu upande wa kitasa imetoka nje, kidole kinapita. Fundi mmoja anasema ataunyoosha kwa nyundo, mwingine anasema tupa huo, weka wa chuma. Kwa leo usimpe kazi hata mmoja. Wangu ulipinda palepale, na yule wa nyundo mimi nilimpa kazi.

Yangu niliinunua kwenye kambi ya wajenzi wa barabara waliokuwa wanafunga virago. Niliivuta hadi Isyonje, mkoani Mbeya, pale unapoacha barabara ya Tukuyu kuelekea Kitulo, kwa sababu nalima viazi huko na nilishachoka kurudi Uyole usiku kila siku. Ndoano inayoshika mlango ukiwa wazi ilikuwa imekatika, nikawa naegeshea jiwe. Mwezi wa nane upepo wa Uporoto ukaja, jiwe likabaki pale pale, mlango ukaenda.

Fundi alikuja na nyundo na mtungi wa gesi. Simlaumu peke yake, maana aliyemshikia mlango ni mimi. Tatizo ni kwamba wote wawili tuliudhani ni mlango kama milango mingine. Ule ni vitu vitatu vimegandishwa pamoja: nje bati jembamba la alminiamu, ndani plaiwudi nyembamba, na katikati lile povu gumu jeupe linalokuja na televisheni mpya kwenye boksi. Kuzunguka pembeni kuna fremu ya alminiamu yenye uwazi ndani. Kila kimoja peke yake unaweza kukikunja kwa mkono. Nguvu yote iko kwenye gundi iliyovishikanisha.

Sasa ukipiga nyundo, ile fremu yenye uwazi inabonyea ukuta wake, hainyooki. Ukipasha moto ndiyo balaa. Chuma kikipata moto kinaiva, unaona wekundu, unajua uache. Alminiamu haikuonyeshi rangi yoyote, inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi ikiwa bado nyeupe vilevile. Na lile povu halifiki hata huko. Joto la maji yanayochemka linatosha kulilegeza. Nilisikia mchirizo kama vitumbua vinaingia kwenye mafuta, ikaja harufu ya plastiki, na bati likazama kama shavu la mzee asiye na meno. Tukatazamana. Nikamlipa nauli akaenda zake.

Nilichopaswa kufanya kabla ya yote ni kupima tundu la mlango, yaani ule uwazi wa ukutani mlango unamokaa, siyo mlango wenyewe. Hapa nakuomba usiruke hata hatua moja, maana watu wengi wananyoosha mlango ambao haujapinda.

Karavani ina miguu minne ya kona, ile unayoizungusha kwa mkono ikashuka hadi chini. Kazi yake ni kuzuia isitikisike ukitembea ndani, basi. Sisi huwa tunaifanya jeki. Ardhi ikiwa na mteremko, unazungusha mguu mmoja mpaka kona inanyanyuka, na hapo bodi nzima inajisokota. Tundu la mlango linaacha kuwa skwea, mlango unagoma, unadhani umepinda. Kwa hiyo: legeza miguu yote minne iache kugusa chini, kaba magurudumu kwa mawe ya maana mbele na nyuma, sawazisha ubavu kwa ubavu kwa kuweka ubao chini ya gurudumu lililo bondeni. Tumia pima maji. Kisha chukua futi, pima tundu kona kwa kona, juu kushoto hadi chini kulia, halafu ile nyingine. Zikilingana, fremu ya ukutani iko skwea. Yangu ilikuwa na tofauti ya milimita 9 miguu ikiwa imekaza, na milimita 2 nilipoilegeza. Yaani sehemu ya ule upinde niliokuwa nautolea jasho haikuwa kwenye mlango kabisa.

Tofauti ikibaki kubwa hata baada ya kulegeza, bonyeza ukuta kuzunguka mlango kwa kidole gumba, hasa chini karibu na kizingiti. Ukilegea kama andazi, maji yalishaingia na mbao za ndani zimeoza. Hapo mlango uache kabisa, una kazi nyingine kubwa zaidi.

Ukishajiridhisha kwamba ni mlango, unanyooshwa ukiwa kwenye bawaba zake, wa baridi, kwa mikono. Angalia kwanza skrubu za bawaba kama hazijang'oka. Zangu mbili zilikuwa zinacheza. Kisha tafuta upinde unaanzia wapi kwa kuegesha rula ndefu iliyonyooka juu ya fremu ya mlango. Wangu ulianzia sentimita chache juu ya kitasa, na hapo ndipo wengi huvunjika, kwa sababu tundu la kitasa limeshakula nyama ya fremu.

Chukua kipande cha mbao ya mpaini, mbili kwa mbili inatosha, kifunge kitambaa. Kiweke kati ya mlango na fremu ya ukutani, upande wa kitasa, usawa ule upinde unapoanzia. Funga mlango ukibanie kile kipande. Sasa weka viganja viwili kwenye ile pembe iliyotoka na usukume ndani taratibu, kwa uzito wa mwili, bila kushtua. Hesabu kumi. Achia. Toa kipande, funga mlango, pima nafasi. Mara ya kwanza haitabadilika kitu na utaona nimekudanganya. Alminiamu inarudi ilikotoka mpaka uipitishe kidogo zaidi ya pale unapotaka ikae. Mimi nilikuwa naandika nafasi kwa milimita, kwa mkaa kwenye ubao: 18, 18, 16, 13, 13, 9. Kila mara nasogea milimita chache tu zaidi ya mara iliyotangulia. Ukipitisha ukalazimika kuirudisha nje, umeichosha. Kila ukiikunja huku na huku inakuwa ngumu zaidi na mwishowe inapasuka kama waya wa alminiamu unaoukata kwa kuukunjakunja.

Nafasi ilipofika 4 nilisikia mlio mdogo, tik, kwenye kona. Nikaacha. Milimita 4 mpira mpya wa mlango unazimeza. Nilipata unaouzwa kwa mita pale Mwanjelwa, Mbeya mjini, ule wenye utupu katikati unaobonyea. Kona niliifungua nikakuta ufa wa urefu wa ukucha, nikaweka kipande cha alminiamu chenye umbo la L kwa ndani, riveti nne za alminiamu. Usitumie skrubu za chuma cha kawaida hapo. Chuma na alminiamu vikigusana kwenye unyevu, alminiamu ndiyo inayoliwa, na ukungu wa nyanda zetu unajua ulivyo.

Kisha lile shavu lililozama. Nilichukua gundi ya mafundi viatu, ile ya kopo, nikaona si inashika soli, itashika na bati. Nikaipaka. Povu likayeyuka mbele ya macho yangu kama sukari kwenye chai, ikabaki shimo. Gundi zenye harufu kali ya petroli au tina zinakula povu hilo, jaribu kwenye kipande cha povu la boksi la televisheni utaona. Gundi nyeupe ya mbao nayo haifai upande wa bati, haina pa kunywea, inabaki mbichi. Kilichofaa ni epoksi ya mirija miwili ya kuchanganya. Nilikata vipande vya povu kuziba shimo, nikatoboa vitundu upande wa plaiwudi, nikaingiza epoksi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikaulaza mlango juu ya meza, ubao juu yake, na magunia mawili ya viazi juu ya ubao.

Siku mbili baadaye epoksi bado asali. Baridi ya Isyonje usiku haiiruhusu kukauka. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya karavani iliyofungwa ili kuipasha joto. Watu wanakufa usingizini kwa moshi usiouona. Nilibeba mlango mzima na mbao zake hadi jikoni kwa shangazi, nikauegesha mbali kidogo na mafiga. Akauliza, "Mwanangu, sasa tunahifadhi na milango ya watu jikoni?" Nikamwambia ni wangu, shangazi. Akasema basi huo mlango uanze kula ugali. Ila kesho yake jioni gundi ilikuwa jiwe.

Kuhusu mlango wa chuma, jibu langu ni hapana. Ukuta wa karavani ni vipapi vya mbao vyembamba na bati. Skrubu za bawaba zimeshika kwenye ubao wa unene wa vidole viwili hivi. Uning'inize chuma hapo, ukiivuta kwenye barabara ya vumbi hadi mnadani mara tatu, bawaba zitatoka na ukuta. Ukitaka usalama usiku, weka kufuli la nje juu na chini, mlango ubaki huo huo mwepesi.

Jambo moja hukuuliza ila kwa biashara yako lina uzito: mlango uko ubavu gani? Karavani za Uingereza kwa kawaida mlango uko kushoto ukitazama inakovutwa, ukiegesha kushoto mwa barabara yetu mteja anasimama upande wa majani. Za Marekani uko kulia, yaani mteja anasubiri kahawa huku malori ya Tunduma yanampita mgongoni. Kama ni ya hivyo, igeuze iangalie ilikotoka, au sogea ndani mbali na lami.

Na ndoano ununue kabla ya mpira, kabla ya epoksi. Huko Makambako kwenu upepo ni zaidi ya kwetu.

Legeza miguu, pima kona kwa kona, kisha uandike hapa tofauti ni milimita ngapi kabla na baada. Na piga picha ya karibu pale juu ya kitasa, nione kama fremu ina ufa tayari.