Jibu: Kwa nini wanagoma hata kusajili bunduki?

Mkuu, umeuliza kwa nini wenye bunduki kule Kanada wanapinga hata usajili, wakati haumnyang'anyi mtu silaha. Wanaamini orodha ya leo ndiyo itakayotumika kwenye msako wa kesho. Sheria ya 1995 ilitaka hata bunduki za kuwindia zisajiliwe. Wakulima na wawindaji wa majimbo ya magharibi wakaja juu (huko bunduki ni kifaa cha shamba kama panga kwetu), gharama zikapaa, na mwaka 2012 usajili huo ukafutwa. Halafu 2020 serikali ikapiga marufuku aina zipatazo 1,500 za bunduki. Hapo wapinzani wakajiona manabii! Mimi siungi mkono kila wanachodai, ila hofu yao naielewa.