Mchumba anataka nibatizwe upya ziwani kabla ya ndoa

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Nyegezi, Mwanza. Nilibatizwa Katoliki nikiwa mchanga na baadaye nikapata kipaimara. Mchumba wangu ameokoka, na mchungaji wake amekataa kutufungisha ndoa mpaka nibatizwe kwa maji mengi, kwa kuwa utotoni nilinyunyiziwa tu na sikujua lolote. Wanasema sijaokoka. Mama ameapa kwamba nikiingia ziwani nisirudi kwake. Nifanye nini?"

Marahaba, binti yangu. Mchumba wako ameyafunga pamoja mambo mawili yasiyofungamana, yaani ubatizo na harusi. Makanisa ya Kipentekoste hufundisha kwamba anayebatizwa ni mtu aliyekwisha kuamini kwa moyo wake mwenyewe, na ndiyo sababu hayawabatizi watoto wachanga. Sasa mwanamke mzima anayesimama kwenye maji ya kiunoni, mchungaji na shemasi wakimshika mabega, kwa sababu tu tarehe ya harusi imekaribia, amemzidi nini huyo mtoto mchanga? Kwa kipimo cha kanisa lake hilohilo, utakuwa umelowa tu. Mwulize hilo kwa upole, ikiwezekana mchungaji wake akiwepo.

Sisemi kwamba hoja yake ni ya kubezwa. Towashi wa Kushi, katika Matendo ya Mitume sura ya 8, aliamini kwanza, ndipo akateremka majini pamoja na Filipo. Lakini katika sura ya 16 mlinzi wa gereza alibatizwa usiku uleule pamoja na watu wake wote, na Didake, maandishi ya Kanisa la mwanzo, yanaruhusu kumimina maji kichwani mara tatu pale ambapo maji ya kutosha hayapatikani. Sheria za Kanisa Katoliki zenyewe zinakubali kuzamisha au kumimina. Inachokataa imani yako ni kurudia, kwa kuwa inafundisha kwamba ubatizo huacha rohoni alama isiyofutika. Wakristo wamegawanyika vikali juu ya jambo hili tangu watu wazima walipobatizwa tena huko Zürich mwaka 1525, na harusi yako haitaumaliza ubishi huo.

Linaloniuma zaidi ni hilo la kuambiwa hujaokoka. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja linalokiri kwamba Mungu humpokea mwanadamu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yake. Zimebaki tofauti nyingi, za sakramenti na toharani, lakini anayedai kwamba Wakatoliki hufundishwa kujiokoa kwa matendo anawasingizia. Na yule mhalifu msalabani, ambaye walokole wenyewe humtaja mara kwa mara, aliahidiwa peponi bila kuguswa na tone la maji ya ubatizo.

Nenda ofisi ya parokia ukazungumze na paroko kuhusu ndoa mseto, ambayo huhitaji kibali cha askofu. Utaahidi kufanya uwezavyo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mchumba wako ataarifiwa ahadi hiyo, bila kulazimishwa kuwa Mkatoliki. Mkifunga ndoa kanisani kwake pasipo kibali, Kanisa lako halitaitambua na hutaruhusiwa kupokea Komunyo. Kwa hiyo mwulize leo, si baada ya mahari kutolewa: mtoto wetu wa kwanza atabatizwa akiwa mchanga, au atasubiri mpaka aamini? Akikwepa swali hilo, ahirisha harusi. Hapa kwetu, ambapo ukoo mmoja huwa na Wakatoliki, watu wa AIC (Africa Inland Church) na walokole wanaokula ugali na sato pamoja, nimeona nyumba zikitikiswa zaidi na swali hili kuliko na lile la maji ya bibi harusi.

Mama yako alikupakata ukiwa na gauni jeupe, mshumaa wako ukawashwa kutoka ule wa Pasaka, na sasa anasikia kwamba siku ile ilikuwa bure. Mwambie kwamba hakuna ulichokikana. Na ikiwa siku moja, baada ya kusoma na kusali pasipo shinikizo la mtu, utaridhika mwenyewe kwamba unapaswa kubatizwa ziwani, hiyo itakuwa haki ya dhamiri yako. Ila mama alisikie kutoka kinywani mwako, kabla halijamfikia kupitia majirani wa jumuiya.